Mapigo Katika Nyumba: Kuyafahamu, Kuyazuia na Kuyakimbia



Katika vitabu vyetu vya mafundisho ya afya umekwisha kusoma habari za malaria, za minyoo, za maji safi na za kulisha watoto. Leo tunataka kusema nawe juu ya shida nyingine inayoleta watu wengi hospitali. Shida hii hailetwi na mbu wala na maji machafu. Inaletwa na mkono wa mtu tunayekaa naye nyumba moja, tunayekula naye sahani moja, na pengine tulisimama naye mbele ya kanisa siku ya ndoa.

Mara nyingi shida hii haiandikwi kwenye fishi ya mgonjwa. Mama anafika na jicho limevimba, anasema, "Nilianguka kisimani." Mwingine amevunjika mkono, anasema, "Niliteleza kwenye matope." Munganga anashona kidonda, anafunga mkono, anatoa dawa. Mama anarudi nyumbani. Baada ya mwezi mmoja anafika tena na kidonda kingine. Dawa ilikuwa nzuri, lakini chanzo cha ugonjwa hakikuguswa.

Mtu akiugua malaria kila mwezi, tunamwuliza kama analala ndani ya chandarua. Basi mtu akija na vidonda mara kwa mara, inafaa tuulize vinatoka wapi.

Usifikiri kwamba hii ni shida ya nyumba chache. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa katika Kongo mwaka 2013 na 2014, wanawake wa miaka 15 mpaka 49 waliulizwa juu ya jambo hili. Katika kila wanawake 100, 52 walisema kwamba wamekwisha kupigwa tangu walipofika miaka 15. Tena, wanawake kama 75 katika 100 walikubali kwamba bwana ana haki ya kumpiga bibi yake kwa sababu moja au nyingine: ameunguza chakula, ametoka bila kuaga, amebishana, ameacha watoto, au amekataa kulala naye. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu umeingia mpaka ndani ya mawazo yetu. Hata anayepigwa anafikiri kwamba inastahili.

MAPIGO NI NINI?

Kila nyumba ina magomvi. Watu wawili wanaokaa pamoja hawawezi kupatana katika mambo yote, na kugombana si ugonjwa. Wanasema, wanakasirika, wananyamaza, kesho yake wanapatana.

Mapigo ni jambo lingine, na dalili yake kubwa ni hofu. Jioni bwana anafungua mlango. Watoto wananyamaza wote pamoja. Mama anaangalia uso wake kwanza, ili ajue usiku utakuwa wa namna gani. Anapima kila neno kabla ya kulisema. Nyumba ya namna hiyo ina ugonjwa, hata kama wiki hii hakuna aliyepigwa.

Kofi, teke, ngumi, fimbo na panga, hayo watu wote wanayajua. Lakini kuna mapigo yasiyoacha alama juu ya ngozi:

Kumtukana mtu kila siku na kumwambia kwamba hana akili na hana faida.

Kumnyang'anya feza alizopata kwa jasho lake sokoni au shambani, kisha kumwacha aombe hata chumvi.

Kumfungia ndani, kumkataza kuona ndugu zake, au kuchunguza simu yake kila saa.

Kumzuia asiende hospitali, au kumficha dawa anazopaswa kunywa kila siku.

Kumlazimisha kwa nguvu katika mambo ya kitanda, ingawa ni bibi wa ndoa.

Wanaoumia zaidi ni wanawake na watoto. Lakini kuna wazee wanaopigwa na watoto wao wenyewe, kuna watoto wanaofukuzwa na kuteswa kwa kushitakiwa uchawi, na kuna wanaume wanaopigwa na bibi zao, nao wanaficha kwa sababu ya haya. Maneno ya kitabu hiki ni kwa ajili yao wote.

YANAKUJA NA KURUDI KAMA MVUA

Aliyepigwa mara nyingi anaweza kukueleza mambo haya bila kusoma kitabu. Kwanza mawingu yanakusanyika. Bwana anakuwa mkali, kila kitu ni kosa, chakula hakina chumvi, watoto wana kelele. Halafu dhoruba inapiga. Halafu jua linatoka. Bwana analia, anapiga magoti, anasema kwamba Shetani alimshika. Analeta kitenge kipya na nyama. Anakwenda kanisani. Mama anafurahi, anafikiri kwamba sasa yamekwisha.

Baada ya siku nyingi au chache, mawingu yanarudi. Na mara nyingi dhoruba ya pili ni kali kuliko ya kwanza, na siku za jua zinapungua. Ujue jambo hili, wewe unayengoja kwa matumaini. Machozi peke yake si dalili ya kupona. Dalili ya kupona ni miezi mingi bila mapigo, bila vitisho, na bila hofu.

JE, NI POMBE?

Wengi wanasema, "Bwana wangu ni mtu mzuri, ni kanyanga tu." Ni kweli kwamba kanyanga, lutuku na kasiksi vinaongeza hatari. Mlevi anapiga kwa nguvu zaidi na hasikii kilio. Aache pombe, hilo ni shauri jema siku zote.

Lakini tazama vizuri. Mtu yule yule akilewa, je, anampiga mkubwa wake wa kazi? Anampiga chifu? Anampiga askari mwenye bunduki? Hapana. Anapita mbele yao wote kwa heshima, anafika nyumbani, anampiga bibi. Basi hata katika ulevi anajua kuchagua. Anapiga pale anapofikiri kwamba ana haki ya kupiga, na kwamba hakuna atakayemwuliza.

Wengine wanasema ni umaskini, wengine wanasema ni vita. Tangu 1996 watu wa mashariki ya Kongo wameona mambo ya kutisha, na wanaume wengi wanabeba mambo hayo ndani ya mioyo yao. Tunawahurumia, na hospitali inaweza kuwasaidia. Lakini wako wanaume wengi walioona vita ile ile, waliolala njaa ile ile, na hawajainua mkono juu ya bibi zao hata siku moja. Mateso yanaeleza hasira. Hayampi mtu ruhusa ya kupiga.

MAPIGO YANAFANYA NINI NDANI YA MWILI?

Watu wanatazama damu iliyo nje. Sisi waganga tunaogopa zaidi damu iliyo ndani. Shika mambo haya vizuri, yanaweza kuokoa mtu.

Shingo. Kukabwa shingo ni hatari kuliko mapigo mengi mengine. Mtu anaweza kuzimia kwa muda mfupi sana, na pengine hakuna alama yoyote juu ya ngozi. Kisha sauti inakuwa nzito, kumeza kunauma, macho yana madoa mekundu, kichwa kinauma. Uvimbe au mshipa ulioumia unaweza kumwua hata saa nyingi au siku kadhaa baadaye. Aliyekabwa aende hospitali siku ile ile, hata kama anajisikia vizuri.

Kichwa. Mtu aliyepigwa kichwani akitapika, akisinzia na kuwa vigumu kuamka, akichanganya maneno, au akitokwa damu au maji masikioni au puani, asiachwe "apumzike." Apelekwe upesi.

Sikio. Kofi moja linaweza kutoboa ngozi ya ndani ya sikio. Mtu anasikia mlio na hasikii vizuri. Usitie mafuta, wala maji ya majani, wala kitu chochote ndani ya sikio hilo. Njoo hospitali.

Tumbo. Katika nchi yetu watu wengi wana bandama kubwa kwa sababu ya malaria ya mara nyingi. Bandama ni kile kiungo cha upande wa kushoto, chini ya mbavu. Ikiwa imevimba, inapasuka kwa urahisi. Teke moja linatosha. Mtu anasikia maumivu upande wa kushoto, pengine mpaka begani. Anaona kizunguzungu, anatoka jasho baridi, midomo yake inakuwa myeupe. Damu inajaa tumboni. Mtu huyo hana siku ya kungoja.

Mimba. Mama mwenye mimba akipigwa tumboni, kondo la nyuma linaweza kujitenga na mahali pake kabla mtoto hajazaliwa. Tumbo linakuwa gumu na kuuma, damu inatoka, lakini pengine inabaki ndani na haionekani. Mtoto anaacha kucheza. Hapo watu wawili wako karibu kufa. Mama yeyote mwenye mimba aliyepigwa au kusukumwa aje apimwe.

Kulazimishwa kwa nguvu. Aliyelazimishwa, na mtu wa nje au wa ndani ya nyumba, aje hospitali kabla ya saa 72 kupita, ndiyo siku 3. Kuna dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi, inaanzwa ndani ya saa hizo 72, nayo inamezwa siku 28. Mapema ni bora. Kuna dawa ya kuzuia mimba, inayosaidia mpaka siku ya 5. Kuna dawa za magonjwa mengine ya zinaa. Na kama siku hizo zimepita, njoo vilevile. Bado kuna kazi ya kufanya.

Watoto nao wanaugua, hata wasipoguswa. Mtoto aliyekuwa mkavu usiku anaanza tena kukojoa kitandani. Anashituka usingizini, anashindwa masomo, anaumwa tumbo bila minyoo. Na mtoto wa kiume anajifunza kwamba hivyo ndivyo baba anavyokuwa baba.

UKIFIKA HOSPITALI, SEMA KWELI

Ukisema "nilianguka," munganga atatafuta ugonjwa wa kuanguka. Atapima goti, na pengine hatapima bandama. Sema neno moja tu: "Nilipigwa." Kama bwana amekusindikiza na hataki kutoka, ngoja upelekwe kupimwa peke yako, au umwambie mkunga kwa sauti ya chini. Mwuguzi mwenye akili anajua namna ya kumwambia bwana angoje nje.

Sisi watumishi wa hospitali tuna kazi zetu nasi. Tumwulize mgonjwa akiwa peke yake. Tusimwambie, "Ulimfanyia nini mpaka akupige?" Tuandike kwenye fishi kila kidonda, ukubwa wake na mahali pake. Mgonjwa akitaka kushitaki, apewe cheti cha munganga. Na tusitoe siri yake sokoni, wala kwenye maombi ya asubuhi.

NENO "VUMILIA"

Sasa tunasema na ndugu zetu wa kanisa. Mama aliyepigwa mara nyingi anakwenda kwanza kwa mchungaji au kwa mama wa wachungaji, kabla ya kwenda hospitali. Na mara nyingi anajibiwa, "Rudi nyumbani, vumilia, omba sana." Wanaosema hivyo wanapenda ndoa, nasi pia tunapenda ndoa. Lakini neno hilo limewarudisha wengine mahali pa kufia.

Fungua 1 Samweli sura ya 19. Daudi alikuwa mtumishi mwaminifu katika nyumba ya Sauli. Alikuwa mkwe wake pia. Siku moja, alipokuwa akipiga kinubi, Sauli alimtupia mkuki ndani ya nyumba. Je, Daudi alisimama pale pale ili aonyeshe uvumilivu? Hapana. Alikwepa, akakimbia usiku ule. Na bibi yake Mikali alimsaidia. Alimteremsha dirishani, akalaza sanamu kitandani, akawaambia askari kwamba ni mgonjwa. Ulikuwa mpango wa akili, na hakuna mahali ambapo Daudi analaumiwa kwa kukimbia.

Endelea kusoma mpaka sura ya 26. Sauli alikiri kosa lake, akamwita Daudi mwanawe, akamwomba arudi, akaahidi kwamba hatamdhuru tena. Daudi alikuwa amekwisha kumsamehe. Angeweza kumwua, naye hakumgusa. Lakini hakurudi naye. Hata mkuki wa mfalme hakuupeleka mwenyewe, alisema kijana mmoja aje auchukue. Basi ona: kusamehe ni jambo moja, na kurudi karibu na mkuki ni jambo lingine. Mtu anaweza kufanya la kwanza bila kufanya la pili.

Tena Waefeso 5 inamwagiza mume ampende mkewe kama anavyoupenda mwili wake mwenyewe, na 1 Petro 3 inaonya kwamba asiyemheshimu mkewe anazuia maombi yake mwenyewe. Watu wengi wanajua mstari wa wake kutii. Mistari hii ya waume nayo isomwe kwa sauti kubwa.

Wazee wa kanisa, mkiita baraza, msiwaweke wote wawili katika chumba kimoja na kumwambia mama aeleze. Hawezi kusema kweli mbele ya mtu atakayerudi naye nyumbani usiku. Msikilizeni peke yake, na mama mmoja mwaminifu awepo. Ulizeni kwanza kama ana salama leo. Mambo ya kupatanisha yangoje.

DALILI KWAMBA KIFO KIKO KARIBU

Ukiona moja ya mambo haya, usingoje:

Amekwisha kukukaba shingo.

Ametisha kukuua, au kuua watoto, au kujiua mwenyewe.

Ana bunduki, au anaweka panga karibu na kitanda.

Anakupiga ukiwa na mimba.

Mapigo yanakuja mara nyingi zaidi na yanazidi ukali.

Ana wivu mkali, anakufuata kila mahali.

Jambo moja zaidi, nalo ni kubwa. Saa ya hatari kupita zote ni ile ambayo unaondoka, na siku zinazofuata. Anaona kwamba utawala wake umekwisha. Kwa hiyo usimtishe kwa kusema, "Kesho nitakuacha!" Usiseme neno. Panga, kisha ondoka.

NAMNA YA KUKIMBIA KWA AKILI

1. Chagua mtu mmoja wa kweli, jirani au dada wa kanisa, umwambie yote. Patana naye alama: kupiga sufuria mara tatu, au kumtuma mtoto kuomba moto. Akiona alama, aje na watu, au aite msaada.

2. Ugomvi ukianza, usikimbilie jikoni penye visu na moto, wala chumba kisicho na mlango wa pili. Kaa karibu na mlango wa nje. Ukipigwa na huwezi kutoka, jikunje, funika kichwa na shingo kwa mikono. Mwenye mimba alinde tumbo.

3. Wafundishe watoto wasiingie katikati. Kazi yao ni kukimbia kwa jirani mliyepatana naye.

4. Weka mfuko mdogo nje ya nyumba yako, kwa mtu yule wa kweli: karte ya uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, karte za chanjo, fishi za hospitali, cheti cha ndoa kama kipo, dawa za kila siku, nguo kidogo, na feza za njia.

5. Weka akiba polepole. Kama uko katika muso ya kina mama, acha kitabu chako kwa mwekaji wa feza, kisilale nyumbani.

6. Shika namba mbili au tatu za simu kichwani. Simu inaweza kunyang'anywa. Futa maneno ambayo hutaki yasomwe.

7. Fikiri mahali pa kwenda. Kwa wazazi ni vizuri, lakini ndipo atakapokutafuta kwanza. Je, watakulinda, au watakurudisha kwa sababu ya mahari? Pengine ni heri nyumba ya mchungaji, au ndugu wa mbali, au hospitali.

8. Chagua saa ambayo hayupo: amekwenda kazini, sokoni, au safarini. Ondoka na watoto kama unaweza. Ukishindwa kuchukua vitu, viache. Sufuria zinanunuliwa tena.

9. Ukiisha kufika, usikubali kukutana naye peke yako, hata kama anasema kwamba anataka tu kuomba musamaha. Badili njia ya kwenda sokoni. Waambie waalimu wa shule ni nani anaruhusiwa kuchukua watoto.

Kukimbia si mwisho wa safari. Aliyekimbia anahitaji dawa, anahitaji mtu wa kumsikiliza, anahitaji msaada wa sheria, na anahitaji kazi ya kumlisha. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dr Denis Mukwege, imejulikana duniani kote kwa kuunganisha misaada hiyo minne kwa wanawake walioumizwa, na mwaka 2018 Dr Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hata kanisa dogo linaweza kufuata mfano huo kwa kadiri yake: chumba kimoja cha kulala, kina mama wawili wenye masikio na siri, mtu wa kumsindikiza tribinali, na shamba la kulima.

SHERIA INASEMA NINI?

Kumpiga mtu na kumjeruhi ni kosa katika sheria ya Kongo, na sheria haisemi, "isipokuwa bibi yako." Katiba ya 2006, kifungu cha 14, inawaagiza wakubwa wa serikali kupigana na mateso ya kila namna juu ya wanawake, ya nje na ya ndani ya nyumba. Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimtaka bibi apate ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Mwezi wa 7 mwaka 2016 ilibadilishwa, na ruhusa hiyo ikafutwa.

Tunajua kwamba mahali pengi tribinali iko mbali, na mahali pengine vita vimevunja kazi yake. Kwa hiyo shika karatasi zako vizuri. Cheti cha munganga kilichoandikwa leo kinaweza kusema kwa ajili yako baada ya miaka mingi.

KWA WEWE BABA UNAYEPIGA

Umesoma mpaka hapa, nasi tunafurahi. Hatukuandika ili kukuaibisha. Unaweza kuacha, nawe anza leo.

Usiseme, "Alinichokoza." Sema, "Nilipiga." Mwili wako unakuonya kabla ya mkono: moyo unapiga mbio, masikio yanawaka, meno yanakazana. Hapo toka nje. Tembea mpaka mwisho wa njia, na usiende kwenye pombe. Usirudi mpaka pumzi imetulia. Mweleze mzee mmoja unayemheshimu, akuulize kila wiki, na umjibu kweli. Acha kanyanga. Siku ya mshahara au ya mavuno, hesabuni feza pamoja mezani, kwa maana magomvi mengi yanaanza pale. Na kama bibi yako amekimbia, usimfuate. Kumwacha akae mahali pa salama ni tunda la kwanza la toba.

KWA WAZAZI NA MAJIRANI

Wewe mzazi, mahari ilikuwa alama ya heshima kati ya jamaa mbili. Haikuwa bei ya mtu. Binti yako akija usiku na uso umevimba, usihesabu mbuzi kwanza. Mbuzi wanaweza kurudishwa, hata mmoja mmoja, hata kwa miaka. Binti akizikwa, hakuna atakayekurudishia.

Wewe kijana wa kike unayechumbiwa, tazama sasa. Akikukataza rafiki zako, akikupiga kofi kisha akicheka, akimpiga mama yake au mnyama kwa ukatili, usifikiri kwamba ndoa itamponya.

Wewe jirani, usiseme, "Ni mambo ya nyumba yao." Nyumba ikiungua huulizi ni ya nani. Nenda na watu wengine, usiende peke yako. Piga hodi, omba chumvi, ita jina la mtoto. Mara nyingi kuingiliwa kidogo kunatosha kusimamisha mkono usiku ule. Kesho yake, mama akiwa peke yake, mwambie: "Nilisikia. Si kosa lako. Mlango wangu uko wazi." Hata kama hatajibu leo, atakumbuka ni mlango gani.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA PAMOJA

1. Magomvi na mapigo vina tofauti gani?

2. Kwa nini hatuwezi kusema kwamba pombe peke yake ndiyo inayopiga?

3. Mtu aliyekabwa shingo anasema hana maumivu. Utamfanyia nini?

4. Kwa nini pigo la tumbo ni hatari sana katika nchi yenye malaria?

5. Dawa ya saa 72 ni ya nini?

6. Soma 1 Samweli 19 na 26. Daudi alimsamehe Sauli namna gani? Kwa nini hakurudi naye?

7. Taja vitu sita vya kuweka ndani ya mfuko.

8. Mama akigonga mlango wa kanisa letu usiku huu pamoja na watoto wake, atalala wapi? Nani atafungua mlango? Msiondoke katika mkutano kabla ya kujibu ulizo hili kwa majina.